Bata hawaingii bandani jioni? Tuache kudanganyana

Jamani hili la bata kugoma kuingia bandani jioni naona linawasumbua wengi, na mi lilinisumbua sana, na taabu yangu yote ilitokana na ushauri wa watu waliofuga kuku miaka nenda rudi alafu wakaamini bata ni kuku mwenye mdomo mpana.

"Jua likizama watarudi wenyewe kama kuku"

Huu ndo mama wa uongo wote. Kuku gizani haoni kitu na maumbile yake yanamtuma apande juu akalale, kwa hiyo jua likianza kushuka we mwenyewe unamuona anavyohangaika kutafuta pa kutulia. Bata je? Aina nyingi tunazofuga zimetokana na yule bata mwitu ambaye dume lake lina kichwa cha kijani kinachong'aa, na kwake pa kulala salama ni majini. Anaelea, jicho moja limefumba na jingine liko wazi, yaani nusu ya ubongo imelala na nusu inalinda. Mwaka 1999 kuna watafiti wa Marekani waliwapanga bata safu moja wakawaangalia wanavyolala, wakakuta wale wa mwisho pembeni ndo wanalala hivyo zaidi kuliko wa katikati, na lile jicho lililo wazi mara nyingi linaangalia upande ambao hakuna mwenzake. Sasa mlinzi wa namna hiyo giza limtishe nini? Ndo kwanza konokono wanatoka, yeye anaona muda wa kula umefika.

Wale Muscovy, wenye nyama nyekundu za mapelemapele usoni, wao asili yao ni kulala juu ya miti, kwa hiyo ukiwa nao usishangae kumkuta mmoja juu ya paa. Hao ni kesi nyingine kabisa.

"Bata ana kichwa kigumu, hafundishiki"

Hapana bwana. Bata ni mtumwa wa mazoea, ukimzoesha kitu kwa saa ileile anakushikia saa. Shida ni kwamba tunamfungulia siku ya kwanza anapofika, anazunguka kote, jioni tunashangaa hajui kwao. Mgeni anatakiwa afungiwe kwanza kama wiki nzima, bandani au kwenye uzio mdogo ulioungana na banda, anakula hapo anakunywa hapo na kulala hapo, ndo kichwa chake kikubali kwamba hapa ni nyumbani. Alafu mfungulie jioni jioni tu, saa moja hivi kabla ya chakula, akiwa na njaa, maana bata aliyeshiba unaongea naye nini?

Mi nina kopo tupu lina punje chache za mahindi ndani. Kila jioni kama nusu saa kabla jua halijazama nalitikisa mara tatu, sio zaidi, naingia nao bandani na njegere naziangusha kwenye beseni lenye maji kidogo, wanazivua kwa fujo mpaka maji yote yako ukutani. Njegere hizo mchana hawazioni hata kwa dawa. Siku ya tano au ya sita nimetoka na kopo sijalitikisa bado, nawakuta wamejipanga mlangoni wananiangalia kama wenye nyumba wanaosubiri kodi.

Na kuna wanaosema lazima uwe umewalea toka vifaranga ndo wakusikie. Ni kweli kifaranga hujiambatanisha na kile anachokiona kinatembea mbele yake mara tu baada ya kutotolewa, Konrad Lorenz wa Austria alilifanyia kazi sana hili kwa vifaranga wa bata bukini na mwaka 1973 akawa mmoja wa waliopata tuzo ya Nobel. Lakini hiyo inakusaidia kufuatwa tu. Kurudi bandani ni mambo ya tumbo na saa, hata bata mzima uliyempata jana anajifunza.

"We wafukuze na fagio, wataingia"

Hii nilifanya, tena mbele ya majirani. Nilizunguka bwawa karibu saa nzima, fagio mkononi, viatu vimejaa tope, wao wakaenda katikati ya maji wakatulia wakanigeuzia uso, wananisubiri nichoke. Nikachoka. Mbaya zaidi ile jioni moja iliniharibia wiki mbili za mazoezi, kwa sababu kuanzia hapo kila wakiniona jioni na kitu mkononi wanakimbilia majini, na nilikuwa nimewafundisha mwenyewe.

Bata haendi akifukuzwa, anaenda akisukumwa taratibu. Wanatembea kundi moja kama kitu kimoja, ndo maana hata mbwa wa kuchunga kondoo huwa wanafundishwa kwa bata. Kaa nyuma yao kwa mbali kidogo, nyoosha mikono au shika fito mbili ndefu kila mkono mmoja, tembea polepole. Wakisimama na wewe simama. Wakianza kukimbia ujue umesogea mno. Na tafadhali usimdake bata mguu, miguu yake ni dhaifu inateguka kirahisi, mshike mwili mzima na mabawa yakiwa yamebanwa.

"Banda likiwa giza ndo wanalala vizuri"

Hapa nilikwama siku nyingi. Wanakuja vizuri kabisa mpaka mlangoni, wananyoosha shingo, wanachungulia, wanageuka. Nikadhani wana dharau. Siku moja nikainama kimo chao nikaangalia: kumbe nje bado kuna mwanga na ndani ni shimo jeusi, hata mi nisingeingia! Nikatundika kataa kadogo ka sola kwa ndani, jioni hiyohiyo wakaingia, nikazima baadaye. Angalia pia mlango wenyewe, maana bata wanataka kuingia wawiliwawili au wote kwa mpigo, kale katundu ka kuku hakawatoshi. Na ngazi ya vijiti sahau kabisa, weka ubao mpana usio na mteremko mkali wala utelezi, au banda liwe chini tu.

"Wana bwawa, banda la nini"

Bwawa linampunguzia adui, halimzuii. Mbweha anasubiri ukingoni, na siku bata akitoka majini ndo basi. Na wavu ule mwembamba wa kuku unazuia kuku asitoke, haumzuii mbwa wala kicheche asiingie, tumia wavu wa chuma mgumu wenye matundu madogo.

Maji usiku? Kanuni ni moja tu: chakula kisikae bila maji, kwa sababu bata anasukumia tonge kwa maji na bila hayo anaweza kukabwa. Bata wazima waliokula na kunywa vizuri jioni unaweza kuwaondolea vyote viwili mpaka asubuhi. Vifaranga hapana.

Na akibaki mmoja nje? Usimkimbize. Ingiza wenzake, acha mlango wazi kidogo, kaa pembeni kimya, maana bata hawezi upweke. Wa kwangu alikaa bwawani kama dakika kumi anajifanya hajali, alafu akawasikia wenzake wanavua njegere. Alikuja mbio akipiga kelele njia nzima, utafikiri sisi ndo tulimtoroka.