Kwa nini kikompyuta kilichounganishwa intaneti ni pochi mbaya ya Bitcoin?

Raspberry Pi ni kompyuta nzima juu ya bodi moja, yenye ukubwa unaokaribia kadi ya benki. Tangu ilipotoka nchini Uingereza mwaka 2012, watu wameigeuza kila kitu, pochi ya Bitcoin ikiwemo. Inakula umeme kidogo, haina kelele, na inaweza kubaki imewashwa mtandaoni saa 24. Hilo la mwisho ndilo lenye shida.

Neno "pochi" lenyewe linapotosha, maana humo ndani hamna sarafu. Hesabu za sarafu ziko kwenye daftari la pamoja ambalo kompyuta nyingi duniani zina nakala yake. Pochi inatunza ufunguo wa siri tu: namba yenye biti 256, ambayo mara nyingi mwenyewe huandika nakala yake ya akiba kwa maneno 12 au 24. Aliye na namba hiyo ndiye anayetumia pesa. Kwa hiyo mwizi hana haja ya kubeba chochote, ananakili tu. Wewe ukifungua pochi, ufunguo unaukuta palepale, ila salio ni sifuri, na hakuna benki ya kupigia simu irudishe muamala.

Kwenye kikompyuta, kwa kawaida ufunguo huo ni faili ndani ya kadi ya microSD. Chomoa kadi, ichomeke kwenye kompyuta nyingine: kama data haikusimbwa (yaani haikufichwa kwa nenosiri lake yenyewe), unasoma kila kitu bila kuulizwa nenosiri la kuingilia.

Mwizi wa kadi angalau lazima afike ulipo. Wa mtandaoni halazimiki. Kwa miaka mingi mfumo rasmi wa Raspberry Pi ulikuja na mtumiaji "pi" na nenosiri "raspberry", yaleyale kwa kila mtu. Mwaka 2017 programu hasidi iliyoitwa Linux.MulDrop.14 iliingia kwenye mashine kwa jozi hiyohiyo, ikabadilisha nenosiri, ikaanza kuchimba sarafu (kuifanyisha mashine hesabu zinazolipwa kwa sarafu za kidijitali) na kusaka mashine nyingine zenye mlango wazi. Cha kuchekesha ni kwamba ilitaka kuchimbia prosesa dhaifu namna ile! Lakini aliyeweza kuingia kuchimba angeweza pia kusoma faili. Mtumiaji huyo wa kudumu aliondolewa mwaka 2022, na SSH, njia ya kuingilia kwa mbali, ilishaanza kuja ikiwa imezimwa tangu 2016. Siku hizi mara nyingi mlango anaufungua mwenye mashine mwenyewe kwenye ruta, ili aangalie pochi akiwa safarini.

Kuna hatari nyingine ambayo hata kung'oa waya wa mtandao hakuiondoi. Ufunguo unatakiwa kuzaliwa kwa bahati nasibu ya kweli. Mwaka 2023 iligundulika kwamba Libbitcoin Explorer, programu ambayo watu walitengenezea pochi za Bitcoin, katika matoleo yake ya 3, ilikuwa ikitengeneza funguo kwa nasibu ya biti 32 tu. Hiyo ni kama uwezekano bilioni 4.3, idadi ambayo kompyuta ya kawaida inaimaliza. Wezi waliipitia yote na kukomba pochi za watu, bila kudukua mashine ya yeyote.

Wanaojua kazi hii hutenganisha mashine mbili. Iliyo mtandaoni inapewa ufunguo wa umma pekee: inaona salio na kuandaa muamala, ila haiwezi kuusaini, yaani kuuidhinisha kwa ufunguo wa siri. Ya pili haijui mtandao kabisa, kwa mfano Raspberry Pi Zero toleo la 1.3, isiyo na Wi-Fi wala Bluetooth. Mradi wa SeedSigner unaitumia hivyo: kamera inasoma msimbo wa QR kutoka skrini ya mashine ya kwanza, muamala unasainiwa, kisha QR nyingine inaonyeshwa kwa kurudi. Ikizimwa, ufunguo haubaki ndani. Kabla ya kukubali, soma anwani ya mpokeaji kwenye kile kiskrini kidogo, herufi kwa herufi, kwa sababu mashine iliyo mtandaoni ikiwa imeingiliwa, inaweza kuwa imeshaweka anwani ya mtu mwingine.