Je, wajua? Vifupa viwili vya sikio lako vilianzia kwenye taya

Nyuma ya kiwambo cha sikio pamepangwa vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku, chenye urefu wa milimita 3 hivi, ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Kwa kuwa vitatu hivi vimeshikana na vinafanya kazi moja ya kupitisha mtetemo, wengi huamini vimetokana na sikio lenyewe. Sivyo. Sikio la ndani hutokana na ngozi changa ya kichwa cha kiinitete (mtoto katika wiki za mwanzo za mimba), inayobonyea na kujifunga ikawa kifuko. Vifupa vina asili nyingine kabisa, na hata vyenyewe si ndugu wa tumbo moja.

Katika wiki ya nne ya mimba, pande mbili za shingo ya kiinitete hujitokeza matuta yaitwayo matao ya koromeo. Hapa ndipo penye kosa lililoenea zaidi: kwamba binadamu akiwa tumboni huwa na matamvua kama samaki, kisha matamvua hayo hugeuka masikio. Kiinitete cha binadamu hakina matamvua wakati wowote, wala hakipumui kwa matao hayo. Tunachoshiriki na samaki ni matuta yenyewe, katika hatua ya mwanzo kabisa. Kwa samaki baadhi yake huendelea hadi kuwa matamvua; kwetu huwa taya, vifupa vya sikio, mfupa wa hioidi ulio shingoni chini ya ulimi na gegedu (mifupa laini) za zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Tena hata samaki mwenye taya hujenga taya yake kutokana na tao la kwanza. Tulichorithi ni mahali pa kuanzia, si kiungo kilichokamilika.

Nyundo na fuawe hutoka kwenye tao hilohilo la kwanza. Nyundo huanza kama ncha ya nyuma ya gegedu ya Meckel, ufito unaopita ndani ya taya ya chini. Kikuku hutoka tao la pili. Mtu mzima bado anabeba ushahidi: msuli unaokaza nyundo huongozwa na neva ileile ya misuli ya kutafuna, ilhali msuli wa kikuku huongozwa na neva ya uso. Na kikuku kina tundu katikati, nalo lina sababu yake. Katika kiinitete, ateri hupita pale katikati na gegedu hujengeka kuizunguka. Baadaye ateri hunywea na kutoweka, tundu likabaki.

Mwaka 1837 Mjerumani Carl Reichert, akichunguza viinitete vya nguruwe, alionyesha kuwa nyundo na fuawe zinalingana na mifupa inayounda kiungo cha taya cha reptilia. Sasa, taya ilifanyaje kazi wakati bawaba yake inahamia sikioni? Chukua mlango mzito unaotumika kila siku. Huwezi kung'oa bawaba ukauacha unaning'inia. Unafunga mpya kando ya ile ya zamani, mlango unafunguka kwa zote mbili, na mpya ikishabeba uzito wote, ya zamani inakuwa huru. Taya ilipita njia hiyo. Morganucodon, mnyama mdogo aliyeishi miaka milioni 200 hivi iliyopita, alikuwa na viungo vyote viwili vya taya, cha zamani na kipya, kwa pamoja. Mifupa ya kiungo cha zamani, ilipopunguziwa mzigo wa kutafuna, iliweza kuwa midogo na myepesi, na wepesi ndio unaofaa kwa sauti za juu.

Mtoto wa oposamu, mamalia wa Amerika anayebeba watoto mfukoni, huzaliwa mapema mno hata nyundo yake ingali imeungana na taya. Huanza kunyonya kwa kiungo hicho cha kale. Kile kipya hukamilika akiwa amekwisha kuzaliwa.

Vitabu vingi huhesabu kikuku chote kuwa cha tao la pili, lakini kwa panya sehemu ya bapa lake, yaani kitako chake, hutokana na tishu nyingine, mesodermi (tabaka la kati la kiinitete). Wataalamu wa visukuku nao bado wanabishana kama vifupa vilijitenga na taya mara moja tu katika historia ya mamalia, au zaidi ya mara moja katika koo tofauti. Yanoconodon, mamalia wa kale wa China aliyetangazwa mwaka 2007, ana vifupa vyenye umbo la sikio ambavyo bado vimeshikizwa kwenye taya kwa gegedu ya Meckel iliyogeuka mfupa.