Mba ya uso ni nini?

Mba haiishii kichwani. Huteremka hadi kwenye nyusi, mikunjo ya kando ya pua, nyuma ya masikio na chini ya ndevu. Hospitalini huitwa dematitisi ya seborea. Kwangua kidogo kwa ukucha: ngozi kavu hutoa unga, mba hutoa gamba laini la manjano, lenye mafuta. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi sana. Yanayoonekana ni mabaka yaliyofifia, ndiyo maana mtu huyadhani choa, au huingiwa na hofu ya mbalanga.

Anayehusika ni Malassezia, fangasi wa jamii ya hamira aishiye kwenye ngozi ya kila mtu mzima. Hawezi kujitengenezea asidi za mafuta, kwa hiyo hula mafuta ya ngozi yetu. Mabaki ya mlo huo huwasha ngozi za baadhi ya watu, nazo hubanduka upesi kuliko kawaida. Haiambukizi, wala si uchafu.

Kwa watu wa Tanga, nazi ndiyo mtego. Ukipaka mafuta yake magamba yanalala na uso unang'aa, lakini asidi zilizomo zinaweza kumlisha fangasi yule yule. Bora yabaki jikoni. Liwa nayo ikikaukia puani kisha ikakwanguliwa, huchubua.

Dawa ya kuanzia ni krimu ya fangasi, ketokonazoli ya asilimia 2. Nawa kwa sabuni laini (ya mche iache kwenye nguo), kausha kwa kubonyeza taulo, paka utando mwembamba asubuhi na usiku hadi wiki 4. Wengi huacha siku ya tano gamba likipotea, na linarudi. Wengine hutibu uso wakasahau kichwa: shampuu ya ketokonazoli ikae dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuza, mara 2 kwa wiki, kisha mara 1 kila wiki moja au mbili kuizuia isirudi, maana hutulizwa tu, haing'oki.

Muwasho ukizidi, krimu ya haidrokotisoni (steroidi hafifu) ya asilimia 1 kwa siku chache inatosha. Soma tyubu kabla ya kulipa: krimu za mchanganyiko zenye betamethasoni au klobetasoli (steroidi kali) hupoza kwa siku mbili, kisha ngozi hukonda, chunusi huibuka, na ukiziacha mba hurudi kwa hasira. Mabaka hayahitaji mkorogo. Rangi hurejea yenyewe, pengine baada ya miezi.

Ikizuka ghafla kwa ukali, au wiki 4 zikipita bila nafuu, nenda hospitali ukapime na VVU, kwa kuwa mba kali huweza kuwa dalili yake.