Picha ya kichwa haionyeshi sonona

Mama mmoja aliweka bahasha ya kaki mezani kwangu kabla hata hatujamaliza kusalimiana. Ndani mlikuwa na picha ya CT ya kichwa cha mwanawe, kijana wa miaka 24. Mbuzi watatu waliuzwa ili ipatikane. "Daktari, wameniambia ubongo ni mzima. Sasa mbona halali, hali, wala hasemi na mtu? Au tumpige ile mashine kubwa zaidi?"

Swali hilo nalisikia kila wiki, na kila mara roho inaniuma kwa ajili ya wale mbuzi. Hakuna picha wala kipimo cha damu kinachothibitisha sonona (huzuni nzito inayodumu), baipola (hisia zinazopanda kupita kiasi kisha kuzama kwenye sonona) au skizofrenia (kusikia au kuamini yasiyokuwepo). Picha tunaiagiza tukishuku kitu kingine: uvimbe, damu iliyovilia baada ya ajali, kifafa kilichoanza ukubwani. Damu tunapima kutafuta malaria, kaswende, VVU, sukari iliyoshuka au hitilafu ya thairoidi, tezi ya shingoni, maana yoyote kati ya hayo inaweza kumgeuza mtu tabia. Majibu yakirudi safi, yameondoa hayo tu. Hayajasema mgonjwa hana kitu.

"Basi mnabahatisha?" Hapana. Ni kweli kwamba zamani madaktari walitofautiana vibaya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti walilinganisha hospitali za New York na London, wakakuta New York wanaandika skizofrenia mara nyingi zaidi. Wagonjwa wa pande zote mbili walipohojiwa kwa utaratibu mmoja, sehemu kubwa ya tofauti ile ikatoweka. Wagonjwa walifanana, tofauti ilikuwa ya madaktari. Ndiyo maana leo vigezo vimeandikwa. Katika ICD-11, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumika tangu Januari 2022, sonona inataka dalili zisizopungua 5 kati ya 10, mojawapo ikiwa huzuni au kukosa hamu ya mambo, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, na maisha yawe yameyumba. Angalia jinsi muda unavyohesabiwa. Mashine haijui siku mtu alipoacha kulala. Watu wa nyumbani ndio wanaojua.

Nikamuuliza mama, "Nani analala naye chumba kimoja?" Akaniambia ni mdogo wake, yuko nje kwenye benchi. Kijana wa kidato cha pili akaingia na sare zake, akatoa shikamoo, akasimama. Hakuna aliyewahi kumuuliza chochote.

"Mwaka juzi kaka alikuwa halali kabisa," akasema. "Wakati nafanya mtihani wa darasa la saba. Usiku anapaka chumba rangi huku anaimba, akimaliza anaanza tena upya. Alikopa simu tatu dukani akazigawa. Kama wiki tatu hivi."

Mama akashika mdomo. "Tulidhani ni furaha ya kupata kazi."

Hapo jina la ugonjwa likabadilika. Sonona ilikuwepo, lakini ilikuwa upande mmoja tu wa baipola. Na vidonge vya sonona alivyoandikiwa mahali pengine, vikitumika peke yake, vingeweza kumrudisha kwenye zile siku za kupaka rangi usiku.

Kwa hiyo nawaomba, kabla ya kuuza mbuzi nunueni daftari. Andikeni usingizi ulibadilika lini, kazi aliacha lini, pombe au bangi viliingia lini. Msiandike "amechanganyikiwa". Neno hilo linabeba kulia, kusahau, kuongea peke yake na kukimbia uchi, nasi hatuwezi kujua mnasema lipi. Andikeni alichofanya. Tarehe ikiwapotea, tumieni mnachokumbuka: kabla ya Ramadhani, wakati wa palizi, wiki ya msiba wa babu. Na mje na mtu anayeishi naye, hata kama ni mtoto.

Wengine husema kila anayesikia sauti ana skizofrenia. Mfiwa anaweza kumsikia marehemu akimwita jina na akawa mzima kabisa. Sauti huja pia kwenye sonona kali, kwa mlevi aliyeacha pombe ghafla, na kwa mama aliyetoka kujifungua, ambaye ni wa kuwahishwa hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo aliyechanganyikiwa tangu juzi, ana homa, asubuhi anawatambua na jioni hawatambui. Huyo mwili wake unaumwa. Apelekwe hospitali kwanza, si kwingine.

Wapo wanaokuja wamejipima kwenye simu: "Nimepata 17, nina sonona." Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, lina maswali 9 na jumla yake ni 27; ukifika 10, linakwambia ukaonane na mtaalamu. Halijui kama umefiwa wiki iliyopita, wala kama mwaka juzi ulikuwa unapaka chumba rangi usiku kucha.

Na wanaolalamika kwamba jina la ugonjwa limebadilishwa mara mbili, kwa hiyo hatujui kazi: ugonjwa hujifunua kidogo kidogo. Baipola mara nyingi huanza na sonona, na mania, yaani siku za kupanda kama zile za kupaka rangi usiku, ikaja miaka baadaye. Ulizeni ni kitu gani kimemfanya daktari abadilishe, mna haki ya kujibiwa. Kadi za zamani msizitupe.

Yule mama alirudi baada ya mwezi. Safari hii hakuja na bahasha, alikuja na daftari, na mwandiko ulikuwa wa yule mdogo: "Jumatatu, kaka kalala saa 4 usiku, kaamka saa 11. Jumanne, kala nusu sahani. Alhamisi, kaniuliza Simba wametoka ngapi."