Mti Haufi Siku Unapomenywa

"Mzee, huu ulimenywa mwaka jana na majani bado ni ya kijani. Gome ni nguo tu ya mti." Nimeyasikia Tororo, nimeyasikia Masaka, nimeyasikia Arua, hapa kwetu Uganda, na juzi tena kwa mkulima aliyekaza waya wa seng'enge kuzunguka mashina ya miti yote ya mpaka wake. Watu hawa si wazembe. Wametazama kwa macho yao, wakaona majani, wakaridhika. Ila wametazama juu, na kifo cha mti uliomenywa huanzia chini.

Shina lina njia mbili. Maji na madini hupanda kutoka ardhini kupitia ubao, yaani zailemu, hasa ule ubao mweupe ulio karibu na nje. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka kupitia gome la ndani, yaani floemu. Katikati ya njia hizo kuna kambiamu, utando mwembamba kiasi kwamba kucha moja inatosha kuuharibu. Utando huo ndio unaonenepesha mti: upande wa ndani hutoa ubao mpya, upande wa nje hutoa gome jipya la ndani. Karibu mbao zote za sokoni zimepitia hapo.

Sasa ukimenya gome kuzunguka shina lote, maji hujayakata. Yanaendelea kupanda kwenye ubao kama jana, na ndiyo maana majani hayanyauki. Ulichokata ni chakula cha mizizi. Mizizi iko gizani, haitengenezi sukari. Huishi kwa kinachoshushwa kutoka juu na kwa wanga iliojiwekea. Akiba hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Mti mkubwa unaweza kuitumia kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, huku juu ukitoa majani, maua na hata matunda. Mizizi midogo hutangulia kufa, kisha uwezo wa kunyonya maji unapungua taratibu. Kinapokuja kiangazi cha Desemba hadi Februari, mti unakauka kwa wiki chache na mwenye shamba analaumu jua. Jua limekuta kazi imeshafanywa. Aliyeuua ni panga, waya au mbuzi, misimu miwili kabla.

Anayetaka ushahidi aupapase mti wenyewe. Juu ya sehemu iliyomenywa shina huvimba, kwa sababu sukari imefika hapo ikakosa pa kupita, na kambiamu ya juu imeendelea kujenga ubao kwa sukari hiyo. Chini ya pete hiyo shina halinenepi. Marcello Malpighi wa Italia aliuona uvimbe huo na kuueleza katika karne ya 17, na bado naambiwa kwamba gome ni nguo.

Waya ni mbaya kuliko panga, kwa kuwa hauonekani ukifanya kazi. Mti unanenepa, waya haunenepi. Gome la ndani linabanwa kati ya chuma na ubao mpaka sukari haipiti, na kwa nje mti unaonekana kana kwamba umeumeza waya tu. Kamba ya nailoni ya kufungia mbuzi au kuanikia nguo hufanya vivyo hivyo. Kama lazima ufunge kitu kwenye mti, tumia ukamba wa mgomba, utaoza kabla haujaua. Kama unataka ua wa seng'enge, simika nguzo. Hili nalisema kila ninapokwenda na sitaacha.

Hapo ndipo wakulima wa Buganda hunijibu kwa mutuba, mti ambao gome lake hutengenezewa nguo iitwayo lubugo. Mbona mutuba huchunwa gome lote, mwaka baada ya mwaka, na haufi? Hoja hiyo naipenda, kwa sababu jibu lake linaonyesha kambiamu ni nini. Mafundi wa lubugo huchuna wakati wa mvua. Msimu huo kambiamu inafanya kazi kwa nguvu, seli zake ni changa na laini, na gome huachia bila kuukwaruza ubao. Hawachimbui kwa panga. Hulibandua kwa kipande cha mgomba kilichochongwa. Wakimaliza tu, shina hufungwa kwa majani ya migomba ili uso wake usikauke. Seli hai zilizobaki juu ya ubao hupata unyevu na kivuli, zikajenga gome jipya pande zote. Ni ufundi wa karne nyingi, unaoshikwa hasa na ukoo wa Ngonge, na UNESCO iliutambua mwaka 2005. Mchune mutuba huohuo Januari, mkwaruze ubao, mwache shina wazi juani, kisha mje mniambie.

Tena mutuba ni wa jamii ya mikuyu, ambayo hurudisha gome vizuri. Miti mingi haiwezi. Nawaona wachuma dawa wakizungushia panga shina la mwarobaini, au la Prunus africana ambao gome lake linatafutwa kwa dawa ya tezi dume. Biashara ya kimataifa ya mti huo imekuwa chini ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya mimea na wanyama pori walio hatarini, tangu 1995, na sababu ni uchunaji wa namna hiyo. Anayehitaji gome achukue vipande viwili vinavyotazamana, kila kimoja kisizidi robo ya mzingo wa shina, asiguse ubao, na aache miaka kabla ya kurudi. Sukari itashuka kupitia nusu iliyobaki.

Na ukikuta mbuzi amekwangua mche wako asubuhi hiyohiyo, usiuache ukauke wakati unagombana na jirani. Rudishia vipande vya gome kama vipo bado vibichi, funika kwa jani la mgomba, funga kwa ukamba wake, weka kivuli. Si kila mara hupona, lakini jeraha lenye unyevu lina nafasi, na lililopigwa na jua hadi jioni halina.

Mengine ninayoambiwa kuhusu miti nitayapitia haraka zaidi.

"Mikaratusi ina mizizi yenye nguvu ya kusukuma maji juu." Yanayoyavuta ni majani. Jua na upepo hukausha maji kwenye vinyweleo vya majani, na kila tone linalotoka linavuta lililo nyuma yake, kwa kuwa molekuli za maji hushikana imara ndani ya mirija ile myembamba. Ni kama kamba inayovutwa kutoka juu, ncha yake nyingine ikiwa ardhini. Henry Dixon na John Joly wa Dublin waliieleza nadharia hiyo mwaka 1894. Pampu ya kufyonza haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 10 hivi; mvule unapita mita 30 bila shida. Mizizi kweli ina msukumo wake, unaouona kisiki cha mgomba kinapotoa maji baada ya kukatwa, lakini msukumo huo hauwezi kufikisha maji kileleni mwa mti mrefu. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayopanda huishia hewani. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kupanda mikaratusi kando ya chemchemi linahusu majani: ni mengi kiasi gani, na yanakua kwa kasi gani? Mikaratusi inayokua haraka huwa na majani mengi yanayofanya kazi mwaka mzima. Ipande mlimani, mbali na kisima cha kijiji.

Kutoka hapo utaelewa pia kwa nini miche iliyopandwa mwisho wa mvua inakufa. Kiangazi kikikaza, majani yanavuta na udongo hautoi, kamba ile ya maji inakatika na hewa inaingia kwenye mirija. Mrija ulioingia hewa mara nyingi ndio umekwisha, na mti hungoja mvua ili kambiamu itengeneze mingine. Mti mkubwa unayo mirija ya kupoteza. Mche wa miezi miwili hauna. Panda Machi mvua inapoanza, au mwishoni mwa Agosti na Septemba, si wiki mvua inapoaga.

"Hesabu pete utajua miaka." Katika nchi zenye baridi kali, ndiyo, kwa sababu kambiamu hulala majira ya baridi na kuamka mara moja kwa mwaka. Pete ni alama ya usingizi wa kambiamu, na usingizi huo haufuati kalenda. Kusini mwa Uganda tuna misimu miwili ya mvua, kwa hiyo mti unaweza kuandika pete mbili kwa mwaka, au moja, au kitu kisichosomeka. Visiwani Ssese, ambako mvua haikai mbali, miti mingi haina sababu ya kulala. Kaskazini mambo ni tofauti: kuna kiangazi kirefu kimoja, na mtiki unaopukutisha majani huko huacha pete zinazoonekana wazi. Nimeshuhudia watu wakigombania umri wa msonobari kwa kuhesabu pete kwenye kisiki, mnunuzi akisema kumi na muuzaji akisema kumi na minane. Wote wawili walikuwa wanahesabu vipindi vya mvua. Msonobari wa Karibi unaopandwa sana hapa hutia pete za uongo kila ukame mfupi unapopita. Andikeni tarehe ya kupanda kwenye daftari.

"Mti wenye tundu katikati umekufa." Kiini cha mti mkubwa kilikufa zamani. Hata kikiwa hakijatoboka, kazi ya maji iko kwenye ubao mweupe wa nje. Tundu linapunguza uimara, kwa hiyo tazama kama mti unaelekea nyumba, lakini usiseme haunywi maji.

"Mti hula udongo ukawa mbao." Karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu ni kaboni, na mti uliipata hewani. Kwenye jaribio la Jan Baptist van Helmont lililochapishwa 1648, mti ulikua miaka 5 kwenye chungu na udongo wake ukapungua gramu 60 hivi tu.

"Mvule umekauka, tuukate." Kiangazini mvule hupukutisha majani. Kwaruza kitawi kwa kucha kwanza. Ukiona kijani chini ya gome, weka msumeno chini.

"Paka rangi kwenye kidonda cha tawi ili kipone." Mti haufufui ubao ulioumia. Huuzingira kwa kuta za ndani na kuufunika kwa ubao mpya, kama alivyoonyesha mtaalamu wa miti Alex Shigo kule Marekani katika miaka ya 1970. Rangi haiusaidii. Kinachosaidia ni kukata tawi nje kidogo ya uvimbe wa shingo yake, kwa msumeno mkali, wala si kwa panga lililochapa shina.

La mwisho ni la wanunuzi wa mbao: "Huu ulikatwa kiangazi, kwa hiyo ni mkavu." Ubao mweupe wa mti ulio hai umejaa maji hata Februari, kwenye msonobari uzito wa maji hayo unaweza kupita uzito wa ubao wenyewe ukikauka. Mti usio na maji shinani umeshakufa. Mbao za fanicha zinatakiwa kushuka hadi asilimia 12 au 15, na hilo hufanyika baada ya kupasua: zipangwe chini ya paa, zimeinuliwa kutoka ardhini, zikitenganishwa kwa vijiti vinavyolingana unene, upepo upite kila tabaka kwa wiki kadhaa. Muuzaji akikutajia mwezi aliokata, mwulize zimekaa kwenye vijiti tangu lini.