Je, wajua kwa nini daktari anakuwekea dawa ndani ya jino halafu anakwambia urudi baada ya wiki?

Hii inawachanganya wengi. Unaenda kutibiwa mzizi wa jino, daktari anatoboa, anasafisha, halafu badala ya kuziba kabisa anaweka dawa fulani nyeupe nzito, anafunika na simenti ya muda, anakwambia rudi baada ya wiki moja au mbili. Sasa si angenipa tu vidonge nikameze?

Shida ni kwamba kidonge kinasafiri na damu, na jino ambalo kiini chake kimeshakufa halipati tena damu ndani. Unaweza ukamaliza dozi nzima ya amoksilini, uvimbe wa fizi ukashuka, ukaona umepona, kumbe bakteria wa ndani ya mzizi hawajaguswa na baada ya muda maumivu yanarudi palepale. Ndo maana dawa inabidi ipelekwe kwa mkono mpaka huko.

Kwanza mfereji wa mzizi unakwanguliwa kwa vyuma vyembamba sana, unasuuzwa na sodiamu haipokloraiti, ndo hiyohiyo iliyomo kwenye Jik, ila ya kliniki imepimwa, na tafadhali sana mtu asijaribu nyumbani. Lakini ukuta wa mzizi umejaa vitundu vidogo ajabu, maelfu kwa maelfu, bakteria wanajichimbia humo na chuma hakifiki.

Hapo ndo ile dawa nyeupe inafanya kazi. Inaitwa kalsiamu haidroksaidi, na kikemia ni chokaa iliyozimwa, ileile ya kupaka kuta, ila hii imeandaliwa kwa tiba. Aliyeileta kwenye meno ni Mjerumani mmoja, Hermann, mwaka 1920. pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, inafika kama 12.5, hiyo ni alkali kali sana, ukali ambao bakteria wengi hawauwezi, unaharibu utando wao na protini zao, lakini unapenya kwenye vile vitundu polepole mno, kwa hiyo siku moja haitoshi.

Yupo mmoja sugu, Enterococcus faecalis, anasukuma asidi iingie ndani ya seli yake ili kupooza ule ukali. Kwa huyo madaktari wengine wanaichanganya na klorheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu. Kuna pia mchanganyiko wa antibayotiki tatu, metronidazoli, siprofloksasini na minosaiklini, ila hiyo minosaiklini inaweza kulibadilisha jino rangi.

Na ile simenti ya muda ikidondoka usisubiri tarehe yako, mate yakiingia yanapeleka bakteria wapya, rudi kliniki mapema hata kama huumwi.