Gata ya kuziba na gata ya kubadilisha

Masika yakikaribia, dawati letu la ushauri wa majengo hupokea swali lilelile: gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa, inavuja; niizibe au ninunue nyingine? Kuvuja peke yake si sababu ya kununua. Tundu moja au kiungo kimoja kilichoachia, fundi hukisugua, hukikausha vizuri na kukiziba kwa silikoni, na gata ikaendelea na kazi. Wengi wanaoharakisha kubadilisha hutazama gata tu, wakaacha kilichoishikilia.

Anzia chini. Ukiona mvua imechimba kijimtaro sambamba na ukingo wa paa, matope yamerukia ukuta na plasta ya chini inabambuka, ujue maji hayafiki kwenye bomba la kushushia; yanaishia kwenye msingi. Kwa nyumba ya matofali ya udongo hilo si la kusubiri. Vivyo hivyo kwa nyumba iliyo kwenye ule udongo mweusi wa mbugani, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, hadi kuta zinapasuka.

Kisha panda ngazi na bisibisi mkononi. Uchome ule ubao uliopigiliwa kwenye ncha za kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, hasa nyuma ya viungo vya gata. Bisibisi ikizama bila nguvu, ubao umeoza, na hata gata ya bei ghali ikifungwa hapo itaning'inia mvua za kwanza tu. Badilisha ubao kwanza. Mafundi wengine huruka hatua hii kwa sababu mteja haioni akiwa chini.

Gata ya bati iangalie kwa ndani, kwenye sakafu yake, ambako majani ya mwembe au mwarobaini hulala yakiwa yamelowa. Unga mweupe ni zinki, kinga ya chuma, inayolika. Bado kuna muda. Wekundu ni chuma chenyewe, yaani kinga imekwisha mahali hapo. Sugua kwa brashi ya waya, halafu bonyeza kwa ncha ya bisibisi. Ikitoboka sehemu nyingi, acha kuziba: kiraka kitashika, bati la pembeni yake litaachia. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, upepo wa chumvi huharakisha yote haya, na kwa nyumba iliyo karibu na bahari ningechagua plastiki.

Plastiki nayo haina kutu, adui yake ni jua. Ikishapauka, ikunje ukingo kidogo kwa kidole. Inayorudi ni nzima. Inayopasuka imekwisha, na gundi haitaisaidia.

Baada ya hapo, ondoa takataka zote na umwage ndoo ya maji upande ulio mbali na bomba. Maji yakituama katikati, mteremko umepotea. Hapa mara nyingi gata haina kosa, ni vishikio vilivyolegea au vilivyoachana mno. Vifungwe upya kwa mteremko wa nusu sentimita hadi sentimita 1 kwa kila mita. Ila bati likiwa limeshakunjika, halinyooki tena. Usiyadharau maji hayo yaliyotuama: ni mazalia ya mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengi, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, yakisubiri mvua.

Gata safi inayofurika kila mvua kubwa ni ndogo kwa paa lako, au bomba moja halitoshi. Ongeza bomba kwanza, ni nafuu.

Kwa anayevuna maji, hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 2,000 kabla ya kutoa zinazopotea njiani. Kama maji hayo ni ya kunywa, ndani ya gata usipake lami wala rangi yenye madini ya risasi, hata fundi akikwambia inazuia kutu.

Kazi hii ifanye Januari au Februari, mafundi wakiwa bado na nafasi. Usimlipe fundi malipo ya mwisho kabla hajarudia jaribio la ndoo mbele yako.